Binti wa Dodoma Kwenye Kioo

Irene Pancras Uwoya alizaliwa Dodoma tarehe 18 Desemba 1988, wakati Tanzania Bara haina kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara watu walisikiliza redio. Michezo ya kuigiza ilikuja kwa sauti peke yake, na aliyetaka kuona mtu akiigiza kwa macho yake alisubiri sherehe za shule, igizo la Krismasi kanisani, au ngoma. Mtoto wa kike wa Dodoma wa mwaka ule hakuwa na mwigizaji wa nyumbani wa kumtazama na kusema: na mimi nitakuwa kama yule.

Naanza na tarehe hiyo kwa makusudi. Maisha ya Irene Uwoya yamesimuliwa kwa miaka mingi na magazeti ya udaku, ndoa kwa ndoa, gauni kwa gauni, na msomaji anaweza kujua habari zake mia moja asijue hata moja inayohusu kazi. Mimi napenda kuyasoma maisha hayo kwa ramani na kalenda. Ramani inaonyesha binti ametoka wapi na amelazimika kwenda wapi. Kalenda inaonyesha ni milango gani ilikuwa wazi alipofika umri wa kubisha hodi.

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea kusini-mashariki, kwa mwendo usiofika kilometa hamsini, unafika Mvumi, wilaya ya Chamwino. Kuna Mvumi Makulu na kuna Mvumi Misheni, na hiyo ya pili imejulikana mbali kwa sababu ya hospitali ya Kianglikana na shule zilizokua pembeni yake tangu enzi za wamisionari. Nchi yenyewe ni ya mibuyu na vumbi jekundu, mtama na uwele, karanga na alizeti. Mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka, ikichelewa watu wanahesabu debe zilizobaki ghalani. Nimeiweka Mvumi ndani ya sura hii kwa sababu binti mwenye kipaji aliyezaliwa huko mwaka uleule wa 1988 angekuwa jirani kabisa wa Irene, na bado asingekuwa na njia yoyote ya kufika alikofika Irene. Tofauti yao haikuwa kipaji. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, haujawahi kukosa watu wa jukwaani.

Mtu akibisha, aende akaangalie muheme ikichezwa. Ni ngoma ya wanawake, na wanawake ndio wapigaji. Mama anaibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, mdundo unatoka mikononi mwake huku mwili wote ukijibu, mabega yanatetemeka, shingo inakwenda upande wake, na uso unabadilika kila wimbo unapogeuka. Ngoma hii ina mizizi yake katika kuwafunda wasichana. Kwa hiyo binti wa Kigogo amekua akiona mama yake na shangazi zake wakisimama mbele ya kijiji kizima bila haya, wakitumia uso na viungo kueleza jambo. Ongeza saigwa, nindo na msunyunho, na sauti zile za kupokezana ambazo wataalamu wa muziki wamesafiri kutoka Ulaya kuja kuzirekodi. Mtu wa Ugogo aliyepanda jukwaa kubwa kuliko wote, Hukwe Zawose, alitoka kijiji cha Doday. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaja kuwa mhimili wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na zeze lake na ilimba vikazunguka dunia mpaka alipofariki mwishoni mwa 2003.

Zawose alitoka na ngoma yake mkononi. Taifa lilikuwa linaitaka ngoma, likaijengea vikundi na chuo. Filamu haikupata bahati hiyo. Serikali ilikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, na picha chache nzuri zilitengenezwa. Arusi ya Mariamu ya 1985, aliyocheza Amandina Lihamba, bado inafaa kuonyeshwa kwa mwigizaji yeyote anayeanza. Lakini picha chache kwa miaka ishirini hazimfanyi msichana wa Dodoma aone kazi ya kufanya maishani.

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Vituo binafsi vya televisheni vilianza kurusha matangazo Dar es Salaam, ITV ikiwa miongoni mwao. Na mashindano ya Miss Tanzania, yaliyopigwa marufuku tangu miaka ya 1960, yakarudi. Irene alikuwa na miaka mitano, anakaribia sita. Kioo kilifunguliwa na jukwaa la urembo likafunguliwa mwaka mmoja, na hivyo viwili vitakuja kukutana mwilini mwake miaka kumi na miwili baadaye.

Televisheni ilihitaji kitu cha kuonyesha jioni, na michezo ya kuigiza ilikuwa rahisi kuliko vipindi vingi. Mchezo wa Mambo Hayo uliwafanya waigizaji Monalisa na Richie wawe watu wa kuitwa kwa majina barabarani. Kaole Sanaa Group ikafuata, na Kaole ndiyo ilikuwa shule halisi ya uigizaji wa kizazi kile. Humo walipita Vincent Kigosi tuliyemwita Ray, Blandina Chagula tuliyemwita Johari, Steven Kanumba aliyekuja kutoka Shinyanga, na Elizabeth Michael, Lulu, aliyeingia akiwa mtoto mdogo kabisa. Walifanya mazoezi, walikosolewa mbele ya wenzao, walirudia. Mwaka 2003 dairekta George Tyson alitoa filamu ya Girlfriend, Monalisa na mwanamuziki TID wakiwemo, na watu wakaona kwamba hadithi ya vijana wa Dar es Salaam inaweza kuuzwa kwenye kanda na ikanunuliwa. Baada ya hapo mlango ukafunguka kwa kishindo.

Ila tazama mlango wenyewe ulikuwa wapi. Kaole ilikuwa Dar. ITV iko Dar. Maduka ya kusambaza yalikuwa Kariakoo. Kamera, wahariri, wenye nyumba nzuri za kukodisha kwa ajili ya picha, wote Dar. Kanumba ilibidi aondoke Shinyanga. Binti wa Dodoma ilibidi aondoke Dodoma, na kuondoka kwa binti si sawa na kuondoka kwa kijana wa kiume: anahitaji ndugu wa kufikia, anahitaji ruhusa ya baba, anahitaji sababu inayotajika mbele ya watu. Kwenda kuigiza haikuwa sababu ya kutajika sebuleni kwa mzazi wa miaka ile.

Mashindano ya urembo nayo yalisemwa vibaya, lakini yalikuwa na utaratibu. Yalianzia kitongoji, yakaenda kanda, yakafika taifa. Yalikuwa na kambi, na zawadi iliyotangazwa magazetini. Na yalikuwa na kitu ambacho kundi la maigizo halikuwa nacho: usiku mmoja tu wa kuonekana na nchi nzima.

Usiku wa Miss Tanzania 2006 umeacha alama kwenye filamu zetu kuliko chuo chochote. Taji lilikwenda kwa Wema Sepetu. Jokate Mwegelo akawa wa pili, Lisa Jensen wa tatu. Irene Uwoya akaishia nafasi ya tano. Wema akaingia kwenye filamu kupitia A Point of No Return akiwa na Kanumba. Jokate aliigiza, akatangaza, akafanya biashara, kisha akaingia kwenye siasa na utawala, akawa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe 2018 na baadaye Katibu Mkuu wa UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM. Irene alikuwa na miaka kumi na saba usiku ule. Mshindi wa tano hana gari wala safari ya Miss World. Ana sura iliyokwisha kuonekana, na alichokuwa nacho akakitumia vizuri kuliko wengi waliomzidi alama.

Mwaka 2008 ikatoka filamu ya Oprah. Irene akawekwa katikati ya Kanumba na Ray, wanaume wawili walioiongoza sinema ya Kiswahili wakati huo. Huwezi kuanza juu zaidi ya hapo. Mwigizaji wa Kaole alisubiri miaka ili asimame fremu moja na Kanumba, huyu alianza naye. Ndipo lilipoanza neno ambalo warembo wote wa 2006 walilibeba: anauza sura. Wenzao waliotoka kwenye makundi walilisema kwa uchungu, na uchungu huo ulikuwa na haki yake. Ukikaa miaka mitano ukifagia ukumbi wa mazoezi, kisha bango likachorwa uso wa mtu ambaye hajawahi kurudia mstari mmoja mara kumi, utasema.

Hata hivyo wanaolisema neno hilo mpaka leo hawajawahi kusimama kwenye lokesheni ya Bongo Movie, yaani sinema yetu ya Kiswahili, ya miaka ile, wakaona ilivyokuwa ikimdai mwigizaji.

Nyumba imekodishwa, tuseme Mbezi. Kodi inalipwa kwa siku, kwa hiyo matukio yote ya sebuleni yanapigwa siku moja, yawe ya mwanzo wa hadithi au ya mwisho. Asubuhi mwigizaji analia msiba wa mume. Mchana anamtania mume huyohuyo siku ya uchumba, kwenye kochi lilelile, taa ikiwa imesogezwa hatua mbili. Nguo ni zake mwenyewe, amezileta kwenye begi, na ni juu yake kukumbuka kwamba kwenye tukio la kumi na nne alivaa hereni za duara, kwa sababu hakuna mtu aliyeajiriwa kukumbuka. Skripti mara nyingi ni muhtasari: huyu anagundua kuwa huyu anamsaliti, wanagombana, anaondoka. Maneno waigizaji wanayatunga wenyewe, kamera ikiwa inazunguka. Kamera ni moja. Dairekta akishapata upande wa mwanaume, anageuza kamera, na mwanamke lazima arudie hasira ileile kwa kiwango kilekile, maana akizidisha au akipunguza, mhariri atashindwa kuunganisha. Katikati ya kilio jogoo wa jirani anawika, au adhana inaanza, au bodaboda inapita, na fundi wa sauti anainua mkono. Kata. Machozi yanafutwa, wanangoja, wanaanza upya. Usiku wanamaliza, na baada ya wiki moja au mbili filamu nzima imekwisha.

Mtu aliyeingia pale bila kupita Kaole alijifunza au aliachwa. Na alijifunza hadharani, kila kosa lake likiuzwa madukani. Ukizitazama filamu za Irene kwa kufuata miaka, utaiona ile shule. Mwanzoni anasema maneno yake kama mtu anayengoja zamu. Baadaye anasikiliza, na kusikiliza ndiko kugumu. Kwa macho yangu nguvu yake kubwa ni kutulia. Mwanaume anafoka mbele yake, naye anamwangalia bila kujibu, na unaona hesabu ikipigwa usoni pake kabla hajasema neno. Bongo Movie ilikuwa imejaa kelele, na mwanamke wa tajiri aliyejua kunyamaza alikuwa mtu mpya. Ndiyo maana majukumu yaliyomjenga ni ya wanawake wa mjini wenye pesa na siri, wanaojua thamani yao na wanaotisha kidogo.

Nasema haya nikijua pia alivyoandikwa Mgogo katika filamu hizohizo. Msichana kutoka Dodoma alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni. Ni dada wa kazi, kapakiwa lafudhi nzito ili watu wacheke, anashangaa friji, anamwita bosi wake kwa sauti ya kijijini. Au ni ombaomba wa mjini. Waandishi wa skripti walichukua njaa ya mkoa mmoja wakaifanya tabia ya kabila. Kwa hiyo wakati binti aliyezaliwa Dodoma anatamba kwenye mabango akiwa bibi wa jumba la kifahari, mhusika mwenye jina la Dodoma alikuwa anaosha vyombo nyuma yake. Waliotazama filamu hizo kule Chamwino waliona vyote viwili kwa pamoja, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuwauliza walichokihisi.

Maana filamu zilifika. Usambazaji wa wakati ule ulikuwa na kasi ya ajabu. Kampuni za Kariakoo, Steps Entertainment ikiwa kubwa kuliko zote, zilinunua filamu kwa prodyuza, zikaigawa hadithi moja kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, zikachapa makava yenye nyuso kubwa zinazong'aa, na katoni zikapakiwa kwenye mabasi. Baada ya siku chache kava la Irene lilikuwa limetundikwa kwenye kamba ya muuza kanda stendi ya Dodoma, na kutoka hapo likapanda gari la Mvumi pamoja na sabuni na mafuta ya taa.

Vijijini zilitazamwa namna mbili. Kulikuwa na kibanda: mabati, viti vya mbao bila migongo, jenereta nje, kiingilio cha kutoa mfukoni bila kufikiri. Kibanda kilikuwa cha vijana wa kiume, na hapo zilizotawala ni picha za ngumi za nje zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, Derek Mukandala, aliyekuwa anaifanya filamu ya Hong Kong iwe habari ya mtaani. Bongo Movie ilikuwa ya sebuleni. Palipokuwa na runinga, kwa mwalimu, kwa mtumishi wa hospitali, kwa mwenye duka, wanawake na watoto walijaa jioni mpaka mlangoni. Wasichana walikuwa hawaendi kibandani, au wakienda walisemwa. Kwa hiyo Irene, Wema, Johari na Lulu waliwajua wakiwa wamekaa sakafuni nyumbani kwa mtu mwingine, kazi za jioni zikiwangoja, wakijadili kwa sauti kubwa kama mke yule alistahili kusamehewa. Soko lote la Bongo Movie lilisimama juu ya watazamaji hawa wa kike, na hata siku moja halikuwahi kutafuta mwigizaji miongoni mwao.

Waliomtazama Irene walitaka pia kujua anaishi vipi, na hapo magazeti ya udaku yakafanya biashara kubwa kuliko wasambazaji. Ijumaa, Risasi, Amani, Uwazi, Kiu: kila moja lilihitaji ukurasa wa mbele, na mwigizaji wa kike ndiye aliyekuwa malighafi. Mwaka 2009 Irene aliolewa na Hamad Ndikumana, Katauti, beki na nahodha wa timu ya taifa ya Rwanda aliyekuwa akicheza soka Cyprus. Walijaliwa mtoto wa kiume. Ndoa iliyumba, na kila kuyumba kuliuzwa mitaani. Katauti alifariki ghafla Novemba 2017, na badala ya kumwacha Irene aomboleze, mitandao ilimgeuza kuwa mshitakiwa wa mavazi, wa machozi, wa kufika na kutofika. Nakataa kuyachambua hayo hapa. Ninachotaka msomaji aone ni kazi aliyokuwa anafanya mwanamke huyu wakati huohuo: kufika lokesheni alfajiri, kujipamba, kuvaa huzuni ya mtu wa kubuni huku huzuni yake mwenyewe inauzwa shilingi mia kadhaa kwenye meza ya magazeti nje ya geti.

Kizazi chake kilipata pigo lingine la pamoja. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na Dar es Salaam ilifurika watu kwenye maziko yake Kinondoni. Lulu, ambaye siku hiyo alikuwa hajatimiza miaka kumi na saba, alifikishwa mahakamani kwa kifo hicho. Kesi ilimfuata mpaka Novemba 2017, alipohukumiwa miaka miwili kwa kuua bila kukusudia, na mwaka 2018 akatolewa amalizie adhabu kwa kutumikia jamii. Katikati ya miaka hiyo, akiwa nje kwa dhamana, aliigiza Mapenzi ya Mungu, na mwaka 2016 filamu hiyo ikapewa Lagos tuzo ya AMVCA, tuzo za filamu za Africa Magic, ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Naitaja kwa sababu inaonyesha umri wa watu tunaowazungumzia. Tasnia ya mamilioni iliwekwa mabegani mwa mabinti ambao kwingineko wangekuwa kidato cha tano, bila mwanasheria, bila meneja anayejua mkataba, na mama mzazi ndiye aliyekuwa mlinzi pekee.

Biashara yenyewe haikudumu. Kanumba alikuwa ameivuta, na baada yake bei ya filamu kwa wasambazaji ilishuka. Diski moja ya kudurufu ilibeba filamu kumi za nje kwa bei ya chini kuliko filamu moja ya nyumbani. Serikali ilileta stika za kodi mwaka 2013, zikawabana walioko ndani ya sheria kuliko walioko nje. Aprili 2017 wasanii waliandamana hadi Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, na ilikuwa inasikitisha kuwaona watu ambao nchi nzima inazijua sura zao wakitembea juani kuomba soko lao. Simu zikamaliza kazi. Duka la kanda likawa duka la vocha.

Walionusurika ni waliohamia kwenye tamthilia. Azam TV ilikuwa hewani tangu mwishoni mwa 2013, na DStv ikafungua chaneli ya Maisha Magic Bongo. Tamthilia zikaleta mikataba ya misimu, na dairekta mwanamke, Leah Mwendamseke tunayemwita Lamata, akawa mtu wa kutegemewa na chaneli kuliko wanaume wengi waliomtangulia. Jua Kali yake ilirudisha watu kwenye runinga jioni kama zamani. Irene naye alivuka daraja hilo, na alivuka akiwa pia prodyuza. Jambo hilo halitajwi sana, ingawa kwangu ndilo kubwa katika kazi yake. Mwigizaji anayelipwa mkononi anamaliza hela yake kabla filamu haijatoka, mwenye filamu anaendelea kuila kila inaporushwa. Msichana aliyeambiwa anauza sura aligundua mapema kuliko wakosoaji wake kwamba sura ni mali inayochakaa, akanunua upande wa pili wa kamera.

Kuna mfano wa jirani ambao naurudia kila ninapokutana na watu wa televisheni. Dairekta Mira Nair alipotengeneza filamu ya Queen of Katwe, iliyotoka 2016, alihitaji msichana wa kuwa Phiona Mutesi, bingwa wa chesi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Madina Nalwanga alipatikana kwenye kikundi cha ngoma cha mtaani, Sosolya Undugu, ambako watoto wasio na uwezo wanafundishwa kucheza. Alikuwa hajawahi kuigiza filamu. Alikuwa na mwili uliozoea mdundo, jicho lililozoea kutazamwa, na nidhamu ya kurudia hatua moja mpaka itoke. Baada ya hapo akasimama fremu moja na Lupita Nyong'o na David Oyelowo bila kufichwa na yeyote kati yao. Haikuwa bahati ya kuokota barabarani. Nair alikuwa ameshaweka mizizi Kampala kwa miaka, na mwaka 2004 alianzisha Maisha, warsha ya kufundisha vijana wa Afrika Mashariki utengenezaji wa filamu. Watu wake walijua pa kutafuta.

Huku kwetu pa kutafuta panajulikana pia. Kila mwaka Chamwino kunafanyika tamasha la muziki wa Cigogo, lililojengwa na Kedmon Mapana, mwana wa Nzali aliyekuja kuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kisha Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Vikundi kutoka vijiji vya Ugogo vinapanda jukwaani kimoja baada ya kingine, watoto wa shule kwa mabibi. Hapo utawaona wasichana wa miaka kumi na sita wanaoshika uwanja mzima kwa kugeuza shingo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kiko jirani. Ikulu iko Chamwino. Bunge liko Dodoma. Serikali nzima imehama, ikaja na barabara, umeme na hoteli. Usaili wa tamthilia umebaki Dar es Salaam.

Binti wa Mvumi leo hangoji runinga ya mwalimu. Ana simu, au dada yake anayo. Anajirekodi nyuma ya nyumba akiigiza ugomvi wa mawifi, sauti zote mbili anazitoa yeye, na anaitupa mtandaoni usiku, bando la bei rahisi linapoanza. Nimeangalia video nyingi za namna hiyo kutoka vijiji vya mikoa ya kati. Nyingine ni mzaha wa kawaida. Chache zinanifanya nirudishe nyuma kuangalia tena, kwa sababu kuna mahali msichana ananyamaza kabla ya kujibu, na ukimya ule umepimwa. Tangazo la usaili likitoka, analiona dakika ileile anayoliona binti wa Sinza, Dar es Salaam. Kisha anapiga hesabu. Gari la kumfikisha Dodoma. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida, shilingi 31,000 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Pa kulala. Mtu wa kumsindikiza, kwa sababu mama hawezi kumwachia aende peke yake kwa watu wasiojulikana, na mama yuko sahihi. Ikifika hapo hesabu inagoma, na usaili unafanyika bila yeye.

Gharama ya kupeleka kamera moja, mtu wa sauti na dairekta msaidizi Chamwino kwa siku tatu za tamasha ni ndogo kuliko kodi ya jumba moja la Mbezi kwa wiki. Nimewapigia hesabu hiyo maprodyuza kadhaa. Wanakubali kuwa ni ndogo, kisha wanauliza mabinti hao wataongea Kiswahili gani mbele ya kamera. Wataongea Kiswahili cha Dodoma, lafudhi ileile inayotumika kuchekesha watu tukio la jikoni. Safari hii lafudhi hiyo apewe mhusika mwenye nyumba, na dairekta aache kamera izunguke aone atakachofanya.